Mikono Chini ya Blanketi

Chini ya blanketi kulikuwa na giza na harufu ya dizeli. Vidole vyangu vilikuwa vinashuka kwenye mgongo wa Hatibu, pingili moja baada ya nyingine, vikiteleza kwa samli, na kila pingili niliikuta mahali pake mpaka nilipofika juu kidogo ya kiuno. Hapo kidole kikazama. Pingili moja ilikuwa imeingia ndani na ya chini yake imebaki nje, na katikati yao kulikuwa na kijingazi ambacho Mungu hakukiweka. Nje ya blanketi niliwasikia wanaume wapatao ishirini wakisubiri, wengine wakikohoa vumbi la ngano. Kisha goti la Baba likanigusa ubavuni. Kati yetu goti lile lilikuwa na maana moja tu, kwamba nibonyeze.

Sikubonyeza. Nilibaki nimepiga magoti, kichwa ndani, miguu nje, na jasho likinidondoka puani.

Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 1983, katika mashamba ya ngano ya serikali kule uwanda wa Basotu, na mimi nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Inabidi nieleze nilivyofika chini ya blanketi lile. Siku hizi nikiwasimulia mabinti wanaotoka chuo na vyeti vyao vya tiba ya viungo, wanaoingia wodini kwa makoti meupe na kumwambia mwanamume mzima avue shati alale, wanacheka na kudhani bibi anatania. Sitanii. Nimechoka mno kutania.

Ukoo wetu, wa kijiji cha Daudi, ulijulikana kwa mifupa. Aliyeteguka, aliyeanguka mtini, aliyepigwa teke na ng'ombe, aliyekwama kiuno akiwa ameinama shambani, wote waliletwa kwetu. Baba yangu, Mzee Margwe, aliipata kazi kwa baba yake, na baba yake aliipata kwa baba yake, na ukienda nyuma hivyo mpaka uchoke hukutani na mwanamke. Mwanamke aliruhusiwa kukanda mtoto mchanga na mzazi aliyetoka kujifungua. Kumkanda mwanamume asiye mume wako lilikuwa jambo ambalo halikuhitaji hata kukatazwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulifikiria.

Mafunzo yalifanyika kwa gunia. Mbuzi akichinjwa, mifupa ya mgongo wake ilichemshwa mpaka ikawa myeupe, ikatiwa guniani, na mwanafunzi akaingiza mikono humo na kuupanga mgongo upya kwa kupapasa, bila kuchungulia. Mwanafunzi alikuwa Bura, mtoto wa kaka yake Baba, kwa sababu Baba hakujaliwa mtoto wa kiume. Mwenye kuchemsha mifupa nilikuwa mimi. Kuichemsha ni kuiosha, na kuiosha ni kuishika, na nilipofika miaka kumi na miwili nilikuwa naweza kuupanga mgongo mzima ndani ya gunia huku nasukuma kuni kwa mguu. Bura alikwama mkiani. Ni mtu mwema Bura, na ana sauti ya kuimba kanisani hadi mapadri wanamwulizia, lakini vidole vyake viliumbwa kwa ajili ya mpini wa jembe. Baba aliona yote hayo. Alinitazama tu siku moja nikitoa mikono guniani, akaniambia nikateke maji.

Niliolewa Maretadu. Miaka sita ikapita bila mtoto, nikarudishwa kwa Baba bila ugomvi wowote, kama mtu anavyorudisha jembe la kuazima. Mama alikuwa ameshafariki. Nikaanza tena kupika na kuchota maji, na kumshikia Baba bakuli la samli anapokanda.

Wakati ule ndipo mashamba ya ngano yalipokuwa yamepamba moto. Sijui kama vijana wanaweza kuipata picha. Uwanda wote ule wa Hanang, ambako wafugaji wa Kibarabaig walizoea kupitisha ng'ombe wao, ulikuwa umelimwa mpaka macho yachoke, na katikati yake zikitembea mashine kubwa za kuvunia, kombaini tulivyoziita, zilizoletwa na Wazungu wa Kanada. Zilikuwa mashine nzuri kwa ngano na mbaya kwa kiuno. Dereva alikaa juu yake tangu alfajiri, akitikiswa, na jioni alishuka amepinda. Xavery, msimamizi wa madereva, alikuwa mtu wa Endagikot na alimfahamu Baba tangu zamani. Akaja kijijini Daudi kumwomba Baba ahamie kambini. Tukapewa chumba cha mabati nyuma ya ghala, na Bura akabaki Daudi kuangalia shamba na ng'ombe.

Hatukukaa hata mwaka mikono ya Baba ikaanza kufa. Alikuwa akimnyoosha dereva mmoja shingo, mara akasimama. Nilimwona anatazama vidole vyake vinavyotetemeka, kisha akanitazama mimi, na woga ule sijauona usoni mwake kabla wala baada ya hapo. Aliniambia baadaye kwamba havikuhisi kitu, kana kwamba amevivika soksi. Wakati ule hakusema. Alivuta blanketi la kijivu kitandani, akamfunika mgonjwa, akaushika mkono wangu akauingiza chini ya blanketi na kuuweka penye shingo. Nami, bila kufikiri, nikafanya kazi iliyokuwepo.

Tangu siku hiyo ukawa ndio utaratibu wetu. Mgonjwa alilala kifudifudi kwenye ngozi ya ng'ombe. Baba alikaa kwenye kigoda upande wa kichwa, mikono yake ikiwa juu ya mabega ya mgonjwa, akizungumza naye, akimwuliza habari za watoto na za mashine. Mimi nilikuwa mshika mafuta, na mshika mafuta lazima aingie chini ya blanketi kupaka. Watu waliambiwa kwamba mgongo uliofunguliwa ukipigwa na upepo wa uwanda, upepo hubaki humo. Walikubali mara moja. Wake wa madereva wakawa wanafunika blanketi hata mtoto aliyeteguka kidole. Na kutetemeka kule kwa Baba, ambako mgonjwa alikuhisi mabegani, kukapata sifa yake peke yake. Walisema mzee ana nguvu nyingi mpaka mikono inashindwa kuzibeba.

Mwaka wa kwanza nilifurahi, sikatai. Nilikuwa mtu aliyerudishwa, na sasa nilikuwa na siri kubwa kuliko kambi nzima. Mwaka wa pili nikazoea. Mwaka wa tatu nikaanza kuona ajabu yake, kwamba namjua kila mwanamume pale kwa mgongo wake na hakuna hata mmoja anayejua kuwa namjua. Xavery alinipita kila asubuhi akienda kazini. Nilimwamkia na kumjibu mambo ya hali ya hewa, na huku najua kwamba nyonga yake ya kushoto haikulala usiku, na kwamba kesho kutwa ataletwa. Alikuwa ananiita "wewe binti". Mwaka wa nne nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Mikono ilikuwa inauma mpaka viwiko, na aliyepewa pole ya kazi alikuwa Baba.

Mwaka huohuo Baba akaniambia mpango wake. Tulikuwa tunakula. Alisema kwamba baada ya mavuno mawili atamkalisha Bura kwenye kigoda mbele ya wazee, kazi isitoke kwenye ukoo. "Na wewe utakaa naye kama unavyokaa na mimi," akasema. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayegawa urithi na kuhakikisha hakuna aliyesahauliwa.

"Mpaka lini, Baba?"

"Mpaka naye apate kijana wa kumwachia."

Nilimwongezea mboga.

Hatibu alikuwa kijana wa Katesh, mtoto wa mama mmoja mwenye duka, Sauda jina lake. Familia ya biashara, Waislamu, watu wasiopenda mtoto wao aendeshe mashine za watu. Lakini yeye alizipenda. Alikuwa miongoni mwa madereva wachache waliojua kombaini kweli, na mcheshi, na alikuwa na ugonjwa mdogo wa mabega ambao niliutuliza kila baada ya wiki tatu. Siku ile alikuwa anashuka ngazi ya mashine, mguu ukateleza, akaanguka chali juu ya chuma cha kufungia trela. Wenzake wakamnyanyua kwa mikono na miguu, wakambeba hivyohivyo akining'inia, wakamleta kwetu. Kuna makosa ambayo mtu huyafanya kwa upendo mtupu.

Xavery alikuja nao. Makundi ya kweleakwelea yalikuwa yameonekana upande wa mashariki, na ngano yote ilikuwa imekauka tayari kuliwa, na madereva walikuwa pungufu. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu kijana ainuke. "Mzee, tunakutegemea wewe," akasema. Baba akakaa kwenye kigoda nje ya chumba chetu, akaagiza blanketi.

Hatibu alikuwa anasema kwa sauti ndogo kwamba nyayo zinawaka moto. Baba hakulisikia neno hilo, au alilisikia akaliweka kando. Mimi nililisikia nikiwa nachota samli, na nilijua moto wa nyayo hutoka mgongoni. Kisha nikaingia chini ya blanketi, na kidole kikazama pale nilipokwisha kusema.

Nilisogeza mdomo karibu na goti lake nikanong'ona. "Baba, amevunjika."

"Bonyeza irudi."

"Ikirudi vibaya, miguu imekwenda."

Kisha akainama kama anayemsikiliza mgonjwa, akaniambia kwa lugha yetu ya nyumbani maneno ambayo sikuyatarajia kwa mzee yule. "Watu wanatazama."

Nilimwelewa. Hilo ndilo lililoniuma baadaye, kwamba nilimwelewa mara moja. Hakuwa amewahi kumrudisha mgonjwa mbele za watu, si yeye wala baba yake. Goti likanigusa tena. Nikaiondoa mikono yangu mgongoni mwa Hatibu nikaiweka mapajani mwangu, na nikadhani yatakuwa yameishia hapo.

Ndipo mikono ya Baba ilipoingia. Niliihisi ikishuka kutoka mabegani, ikipapasa, ikinigusa na kunisukuma pembeni. Ikapita juu ya ule mvunjiko. Ilipita kama inapita juu ya mkeka, haikusita hata kidogo, haikujua. Ikaenda chini, ikarudi juu, ikatulia vidole viwili tu kutoka pale penye kijingazi, na nikasikia kigoda kikilia kwa vile Baba alivyokuwa anajikusanya kuulalia mgongo kwa uzito wake.

Nikainuka. Sikupanga. Nilisimama wima na blanketi likapanda nami, likaanguka upande wa pili, na jua la saa nane likatumulika wote watatu.

"Asiguswe," nikasema. "Mgongo umevunjika. Akibonyezwa hatembei tena."

Watu ishirini walikuwa wanaitazama mikono yangu, nami nikaitazama. Ilikuwa inang'aa samli mpaka juu ya viwiko, na alama za vidole vyangu zilionekana mgongoni mwa Hatibu kila mahali. Mikono ya Baba ilikuwa na samli kwenye ncha za vidole tu. Mtoto mdogo angeielewa hesabu ile. Xavery aliitazama mikono yangu, akaitazama ya Baba, uso ukambadilika, kisha akachagua pa kutazama. Akamgeukia Baba.

"Mzee, unasemaje?"

Baba alikuwa ameshaishusha mikono yake. Akapangusa magoti ambayo hayakuwa na kitu. "Nimesema hivyohivyo," akajibu. "Mtoto amewaambia nilichomwambia."

Na hivyo ndivyo tulivyomwokoa Hatibu, kama kuokoa ndilo neno lake. Nilisema uletwe mlango, Baba akasema, "Leteni mlango," wakaenda kung'oa mlango wa ghala. Nilisema asiinuliwe bali asogezwe kipande kimoja, kama gogo, Baba akarudia, wakamsogeza. Nilisema afungwe kwa mashuka kwenye paji la uso, kifuani, nyonga na magoti, Baba akayahesabu maneno hayo moja moja kwa sauti yake nzito, wakafunga. Wakamweka kwenye lori la ngano, juu ya ngano yenyewe, wakaelekea hospitali ya misheni. Niliomba niende naye. Xavery akasema hakuna nafasi, na kwenye lori lile ungeweza kupakia harusi nzima.

Nilingoja watu waseme. Jioni ile, kesho yake, wiki nzima. Wanaume ishirini waliona kwa macho yao, na hakuna aliyekuja kuniuliza. Wakija kukandwa walilala kifudifudi palepale, Baba akavuta blanketi, nami nikaingia. Nilichukua muda kuelewa. Kila mmoja wao, kama angeyaamini macho yake, ilimbidi arudi nyumbani akamweleze mke wake ni nani amekuwa akimkanda kiuno miaka minne. Ilikuwa nafuu kwa wote kwamba mzee ndiye aliyeona. Nami nikanyamaza. Alikuwa baba yangu na nilikula kwake. Lakini nitasema lililokuwa moyoni, maana sasa hayupo na mimi ni mzee: nilimchukia. Nilimchukia huku nikimpashia maji ya kuoga, na nilimchukia zaidi alipokuwa akiniambia asante.

Baada ya mavuno tulirudi Daudi, na habari zikatufuata. Daktari wa hospitali ile alikuwa amesema kwamba aliyekataza kijana asibonyezwe ndiye aliyempa miguu yake. Basi jina la Mzee Margwe likaenda mpaka Dongobesh. Watu walijaa uani kwetu kuliko wakati wowote, wakija kwa miguu na kwa malori, wakimtaka mzee mwenye mikono inayoona kupitia ngozi. Mzee akakaa kwenye kigoda akawapokea. Mimi nikavunjika viwiko chini ya blanketi. Na Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano ikawekwa kuwa siku ya kumkalisha Bura.

Juzi juzi tulipotakiwa kujisajili kama waganga wa tiba asili, kulikuwa na fomu, na kwenye fomu kulikuwa na swali la mwaka gani umeanza kazi. Niliandika 1984. Nikakata, nikaandika 1979. Karani, msichana mpole, akaniambia, "Bibi, chagua mmoja." Nikamwambia mmoja ni wa mikono na mwingine ni wa jina, aandike autakao. Aliandika wa pili kwa sababu ulikuwa juu ya mwingine na unasomeka vizuri.

Huo wa 1984 ni huu.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa nne, mvua imetulia, maharage yametoa maua. Jumapili ya Bura ilikuwa imebaki siku kumi na mbili na yeye alikuwa ameshaanza kukaa pale kwetu kujizoeza kuzungumza na wagonjwa, jambo ambalo kwa kweli alilifanya vizuri. Wagonjwa watano sita walikuwa wamekaa ukutani wakingoja zamu. Nikaona mwanamke mnene aliyejitanda kanga akipanda kilima polepole, na nyuma yake kijana mwenye fimbo. Nilimtambua kwa jinsi alivyoubeba mgongo kabla sijauona uso wake vizuri. Alikuwa anatembea. Mguu wa kulia ulikuwa unaburuza kidogo, lakini alikuwa anatembea kilimani, na mimi nikalazimika kuingia jikoni penye moshi, machozi yasijulikane.

"Shikamoo mzee," Sauda akasema.

"Marahaba. Karibuni."

Alileta sukari, na mwaka ule sukari ilikuwa kitu cha kupewa mgonjwa kwa kijiko. Alileta na sabuni ya mche. Akakaa, akapumua, akasema kwa adabu sana kwamba amekuja kuuona mkono uliokataa. Kuna mikono mingi inayokubali, alisema, kila mtaa Katesh una mmoja, lakini mwanawe yuko hai kwa sababu ya mkono uliokataa, na yeye kama mama asingelala vizuri bila kuja kusema ahsante. Baba aliinamisha kichwa. Alisema ni kazi ya Mungu. Hilo lilikuwa jibu zuri, mtu yeyote angeweza kulijibu.

Kisha Hatibu akaomba akandwe. Daktari amemruhusu, akasema, juujuu tu, misuli imekakamaa kwa kulala miezi. Akalala kwenye ngozi. Bura, aliyejua zamu yake, akaleta blanketi.

"La, kaka, naomba lisiwepo," Hatibu akasema akiwa kifudifudi. "Nimefunikwa miezi mitano. Hata leo nikiona shuka natoka jasho."

Bura akabaki amelishika. Akamtazama Baba, nami nikamtazama Baba, na wagonjwa ukutani wakatutazama sisi. Nilikuwa nimesimama na bakuli la samli. Nilingoja aseme kwamba upepo ni mkali, au kwamba leo amechoka, aje kesho. Angeweza kusema lolote na lingekubaliwa. Badala yake akavuta kigoda karibu, akachovya vidole kwenye bakuli langu bila kunitazama, akaiweka mikono yake miwili mgongoni mwa Hatibu mbele ya watu wote.

Ilitetemeka. Bila blanketi ilikuwa mikono ya mzee mgonjwa na hakuna zaidi. Ilitambaa juu, ikatambaa chini, ikapaka samli mahali pasipo na shida, ikafika kwenye kovu ikalipita. Hatibu alikuwa ameweka shavu kwenye ngozi, macho wazi. Nilimwona usoni alipojua. Mgongo unajua aliyeushika. Kwa miaka minne mgongo ule ulikuwa umeshikwa na mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa huyu.

Kisha akasema, kwa sauti ile mtu anayoitumia kumwambia mkubwa wake kwamba uji uliopoa ni mtamu, "Ndio huu. Mkono wa mzee, naujua."

Alikuwa amelelewa vizuri yule kijana. Nilimtazama mama yake, naye alikuwa anaitazama mikono inayotetemeka, kisha akanitazama mimi na bakuli langu, na wala hakuonekana kushangaa. Niliona mambo yalivyokuwa yanakwenda. Heshima ilikuwa imeshatuziba midomo sote. Jumapili ile Bura angekaa kwenye kigoda, nami ningekuwa mshika mafuta wake mpaka nizeeke, na hakuna mtu hata mmoja atakayekuwa amenifanyia ubaya. Sikuwa na hasira. Hasira inataka nguvu.

Baba aliondoa mikono.

"Hapana, kijana," akasema. "Si huu."

Bura akakohoa. "Baba mdogo," akasema kwa upole, "kuna watu."

"Ndiyo maana nasema." Aliinyoosha mikono mbele yake kuionyesha, kama mtu anayeonyesha kitu alichokuta njiani na hajui ni cha nani. "Mkono huu haujui kitu tangu mwaka wa sabini na tisa. Siku ile ulikuwa unataka kukuvunja. Aliyekataa ni huyu." Na bado hakunitazama. Alisimama, akaegemea bega la Bura, akasogeza kigoda kwa mguu kikanielekea. "Efrazia, kaa. Mgonjwa anapata baridi."

Akatoka, akashika njia ya kwenda kwa ng'ombe. Wagonjwa wawili waliokuwa ukutani wakanyanyuka nao wakaondoka, wote wawili wanaume, bila kuaga. Mmoja alirudi baada ya mwezi na mwingine hakurudi kabisa. Waliobaki walibaki. Sauda akasogea upande kidogo, akajifunga kanga yake vizuri kama mtu anayejiandaa kukaa sana.

Watu huniuliza nilijisikiaje, na mabinti wa chuo hasa wanataka niseme kwamba moyo uliruka. Haukuruka. Nilikuwa nimechoka mno hata kufurahi. Furaha ilikuja mwaka uliofuata, nikiwa peke yangu napalilia, ikanikalisha chini kwenye tuta nikalia mpaka nikachafua kitambaa cha kichwa, nikamaliza, nikaendelea na jembe. Mimi na Baba hatukulizungumza hadi anazikwa. Siku ile nilikaa tu kwenye kigoda, ambacho kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhani, na nikaiweka mikono yangu juu ya mgongo wa Hatibu, chini kidogo ya mabega, mbali na kovu. Nilimhisi akilegea mara moja, mwili mzima, kama mtu aliyefika kwao.

Ikanijia kwamba yanipasa kusema kitu. Mwenye kukaa upande ule ndiye huzungumza na mgonjwa, na katika miaka yote ile, kwa migongo yote iliyopita mikononi mwangu, sikuwahi kumsemesha hata mmoja. Wote walikuwa wananisubiri.

"Panauma wapi?" nikamwuliza.

Akaanza kunieleza. Nilikuwa napajua panapouma, nilishapashika. Nilitaka niulize tu.